Koi na kapi: kuzuia virusi vya KHV, kuvitambua, na kusafisha bwawa vikishapita

Ugonjwa huu hauna dawa. Tuanze na hilo, usije ukamaliza pesa kwenye maduka ya dawa za mifugo ukinunua antibiotiki na pamanganeti huku samaki wakizidi kuelea. KHV (kifupi cha Kiingereza cha koi herpesvirus), kama unavyoandikwa kwenye vyeti na majibu ya maabara kote, husababishwa na kirusi cha jamii ya hepesi. Samaki kinaowaua ni kapi, Cyprinus carpio, pamoja na koi, ambaye ni kapi yuleyule aliyechaguliwa kwa rangi. Kikiingia kwenye kundi ambalo halijawahi kukutana nacho, na joto la maji likakifaa, huondoka na samaki 80 hadi 100 katika kila 100. Binadamu hakimdhuru, awe amemshika samaki au amemla.

Ufunguo wa mambo yote yanayofuata ni joto la maji. Kirusi huzaliana na kuua maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28 hivi za Selsiasi. Chini ya 13, samaki aliyeambukizwa huogelea kama kawaida. Kwenye nyuzi 30 pia vifo hukoma. Kirusi hakijafa, kimejibanza ndani ya chembe za samaki kikisubiri joto lirudi mahali pake. Ndiyo maana koi anaweza kukaa miezi kwenye bwawa la Dar es Salaam au Mombasa lenye nyuzi 29 au 30 akila na kunenepa, akapelekwa Nairobi, Arusha au Mbeya ambako maji ni nyuzi 18 hadi 23, na kundi zima likaisha ndani ya wiki mbili. Mnunuzi humlaumu muuzaji, muuzaji huapa kwamba samaki walikuwa wazima, na kwa macho yake walikuwa wazima kweli.

Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1998 nchini Israel na Marekani. Mwaka 2002 ulilipuka kwa wafugaji wa koi wa Blitar, Java Mashariki, Indonesia, baada ya koi kuingizwa kutoka nje, na haukuchukua muda kuwafikia wafugaji wa kapi wa chakula wa Java Magharibi. Mwaka uliofuata uliwakumba kapi waliokuwa kwenye vizimba vya Ziwa Kasumigaura, Japani, na zaidi ya tani 1,000 zikapotea. Angalia mfuatano wa Indonesia: samaki wa mapambo ndiye aliyeuleta, kapi wa kitoweo ndiye aliyeulipia. Kwetu kapi amekuwa kwa miaka mingi sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa Ziwa Naivasha, na maji ya ziwa hilo huwa karibu nyuzi 20 na kitu, joto ambalo kirusi hiki kingelichagua chenyewe. Kwa hiyo maji ya bwawa la koi hayamwagwi mtoni, hata kama samaki wako wanaonekana hawana neno.

Kabla hujatoa pesa

Muulize muuzaji maswali manne, na uandike majibu. Samaki walitoka nchi gani na shamba gani? Wamekaa kwenye maji ya nyuzi ngapi, na kwa muda gani? Tangu wafike, wamechanganywa na kundi jingine? Wamewahi kuchanjwa au kupashwa joto kwa sababu ya KHV? Anayejibu "maji ya kawaida tu" hajawahi kupima, na samaki wake wachukulie kama hawajulikani.

Samaki wa kutoka nje wawe na kibali cha kuingiza na cheti cha afya kinachotaja KHV kwa jina. Cheti kinachosema tu kwamba samaki "hawana dalili za ugonjwa" hakikusaidii. Umeshaona kwamba dalili hutegemea joto. Hata jibu safi la PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, halimsafishi kabisa samaki aliyebeba kirusi kilicholala, maana kirusi huwa kichache mno kuonekana. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili huonyesha kama samaki aliwahi kuambukizwa, lakini kinahitaji wiki kadhaa zipite tangu maambukizi, na samaki aliyechanjwa naye huonekana amekutana na kirusi. Cheti ni kizuri. Karantini ni bora zaidi.

Karantini ya siku 30

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wamesema wahenga. Kwa koi mgeni ndiye anayemuua mwenyeji, hivyo apewe chumba chake.

Tangi la lita 500 linatosha koi watano au sita wa sentimita 15. Kwa wakubwa zaidi tumia simtanki la lita 1,000 lililokatwa juu. Liwe na chujio lake, pampu yake ya hewa, kimia chake, ndoo yake na mpira wake wa maji, vyote vikiwa vimepakwa rangi moja, nyekundu kwa mfano, ili kijana wa bustani asije akavichanganya. Hapo ndipo karantini nyingi huvunjika: tangi liko mbali, sheria zipo, halafu kimia kimoja chenye maji kinatumika huku na kule. Tangi likae angalau mita kadhaa kutoka bwawani, upande ambao maji yakirushwa hayawezi kufika. Lifunike kwa wavu, kwa sababu koi mgeni huruka, na kwa sababu mdiria na korongo hawajui karantini ni nini.

Joto la tangi liwe nyuzi 22 hadi 24. Wengi hukosea hapa wakidhani maji ya uvuguvugu wa nyuzi 28 ni huruma kwa samaki. Karantini ya maji ya joto hailazimishi kirusi kujitokeza. Utamaliza siku 30 na kukihamishia kirusi bwawani kikiwa na cheti ulichokipa wewe mwenyewe. Nyanda za juu utahitaji hita. Kupandisha lita 500 kwa nyuzi 5 kunataka karibu yuniti 3 za umeme, kwa hiyo hita ya wati 500 hufanya kazi hiyo kwa saa 6 kama hakuna joto linalopotea, na kwa hali halisi ya usiku wa Limuru utahesabu 8 hadi 10. Zungushia tangi godoro la sponji au magunia. Pwani shida ni kinyume chake: weka tangi ndani ya chumba chenye kiyoyozi, au mtafute mtu wa nyanda za juu akuhifadhie karantini. Ukishindwa kabisa kushusha maji, fahamu kwamba hujafanya karantini ya KHV. Umefanya ya minyoo na chawa wa samaki tu.

Siku ya kuwapokea, futa mfuko kwa nje, uuelekeze kwenye tangi la karantini, kamwe usiuelekeze bwawani, na uuache uelee dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha wahamishe samaki kwa mikono iliyolowa au kwa beseni. Maji ya mfuko yamwage kwenye ndoo yenye klorini, usiyatie tangini. Kama maji ya safari yalikuwa nyuzi 28, usiwadondoshe kwenye 22 saa hiyohiyo. Anza na 26 au 27 na ushuke nyuzi 1 kwa siku. Hesabu ya siku 30 inaanza siku kipimajoto kinaposoma 24 au chini yake. Siku za njiani hazihesabiwi.

Wape chumvi ya mezani isiyo na madini ya joto, kilo 3 kwa lita 1,000, ili kupunguza mshtuko wa safari. Haizuii KHV. Lisha kidogo siku tatu za kwanza, badilisha robo ya maji kila baada ya siku moja au mbili mpaka chujio lizoee, na pima amonia, kwa kuwa chujio jipya halijui kazi yake bado, na samaki anayekufa kwa amonia atakuchanganya akili kwa kufanana na mgonjwa wa KHV.

Sasa shahidi. Wiki moja baada ya wageni kufika, watoe koi wawili wadogo kutoka bwawa lako mwenyewe, wazima, ambao hawajawahi kuchanganyika na samaki wa nje, uwaweke pamoja na wageni. Hawa ndio kipimo chako. Mgeni anayebeba kirusi anaweza asiugue yeye mwenyewe kwa sababu ana kinga. Shahidi hana kinga, naye ataugua. Wakipita siku 30 kwenye nyuzi 22 hadi 24 wakila vizuri, wageni wako wamepita mtihani ambao karatasi haiwezi kuutoa. Ni jambo gumu kumtoa samaki wako mwenyewe kwa jaribio la namna hii, na ndiyo sababu wengi huliruka. Chagua wale wenye rangi usiyoipenda.

Mashindano ya koi pia yana mlango wa kirusi. Kuna mtindo wa kuwachanganya samaki wa wamiliki mbalimbali kwenye beseni moja kwa kufuata ukubwa, na kuna mtindo wa kila mmiliki kuwa na beseni lake. Nenda kwenye wa pili tu, na samaki wakirudi waingie karantini upya kama wageni wengine.

Kumchunguza samaki kwa karibu

Kuanzia maambukizi hadi dalili ni siku 7 hadi 14 hivi, zaidi maji yakiwa ya baridi. Dalili zikishaonekana, kifo huja ndani ya saa 24 hadi 48. Kwa hiyo usingoje jioni.

Kwa mbali utaona samaki wakikusanyika pale maji yanapoingia au juu ya jiwe la hewa, wakivuta hewa juu ya maji, wamekataa chakula. Baadhi hukaa kichwa chini kama waliotundikwa, kisha ghafla hukimbia ovyo na kugonga kingo. Wengine hulegea tu.

Kisha mkamate mmoja anayeonyesha dalili. Ndoo ya lita 10 ya maji yake mwenyewe, nusu mililita ya mafuta ya karafuu, yaani matone 10. Mafuta hayachanganyiki na maji baridi, hivyo yatie kwanza kwenye chupa ndogo yenye maji ya vuguvugu, tikisa mpaka yawe meupe kama maziwa, ndipo umimine ndooni. Samaki hulala baada ya dakika 3 hadi 5. Inua kifuniko cha matamvua kwa kidole gumba na uangalie kwenye mwanga wa jua.

Matamvua mazima yana rangi nyekundu ya damu mbichi kote, na ncha zake ni sawasawa kama meno ya kitana kipya. Ya KHV yana mabaka: nyekundu hapa, nyeupe au kijivu cha manjano pale, kama nyama iliyoungua kwa maji ya moto. Sehemu nyeupe zimeoza. Ukizigusa kwa ncha ya kijiti hubanduka, na mara nyingi tope na majani madogo ya bwawa yamenasa hapo. Hilo ndilo linalomuua: matamvua yamekufa na hayavuti tena oksijeni, hata maji yakiwa nayo ya kutosha.

Angalia na mengine. Macho yamezama ndani ya kichwa. Ngozi mwanzoni ina ute mwingi wenye mabaka meupe, halafu ute hukatika sehemu na hapo ngozi hukwaruza kidole kama msasa. Juu ya pua, kati ya matundu mawili, wakati mwingine kuna kibonyeo kama kimechongwa. Si kila samaki ana dalili zote. Matamvua yenye mabaka pamoja na macho yaliyozama, hasa kwa samaki wawili au watatu kwa mpigo, yanatosha kukufanya ufunge geti. Ukimaliza, mrudishe kwenye maji safi yenye hewa.

Usiyachanganye na haya

Kabla ya kutamka KHV, angalia nani anakufa. Kama perege, kambare au samaki wa dhahabu walio kwenye maji yaleyale nao wanakufa, tuhuma ya kwanza ni maji yenyewe: amonia, klorini ya bomba, dawa ya kupulizia mimea iliyoingia na mvua, au oksijeni iliyoisha usiku. KHV huua koi na kapi, perege akiendelea kula pembeni yao. Samaki wa dhahabu hafi kwa KHV, ila anaweza kukibeba, hivyo afungwe karantini kama koi.

Vimelea vya matamvua, minyoo midogo na vijidudu vya ngozi, navyo huleta kuvuta hewa juu ya maji na ute mwingi. Tofauti huonekana kwenye hadubini: kwangua ute kidogo wa ngozi na wa tamvua, uweke kwenye kioo, uangalie kwa ukuzaji wa mara 100. Ukiona vimelea, tibu vimelea, lakini usifunge faili. Vimelea vinaweza kuwepo pamoja na kirusi, na ngozi iliyojeruhiwa ndiyo mlango wake mkubwa.

Kuna kirusi kingine cha jamii ya ndui kinacholeta ugonjwa wa koi kulala. Samaki hulala ubavu chini ya bwawa, ukimgusa huamka, akaogelea kidogo, akalala tena. Matamvua huvimba na macho pia yanaweza kuzama, hata mtaalamu hupata shida. Huu una nafuu: chumvi kilo 5 kwa lita 1,000 huwaokoa wengi. Kwa hiyo, ukiwa bado unasubiri majibu, kuweka chumvi kwa kiwango hicho hakupotezi kitu. Wakinyanyuka na kuanza kula ndani ya siku mbili, shukuru kwamba haikuwa KHV, na bado peleka sampuli. Toa kwanza mimea ya bwawa, kwani mingi haivumilii chumvi hiyo.

Vijiuvimbe vyeupe kama nta iliyodondoka kwenye mapezi ni kitu kingine kabisa. Navyo huletwa na kirusi cha hepesi, lakini kwa kawaida hakiui na hutoweka maji yakipata joto. Watu wengi wamewatupa koi wazuri kwa sababu ya nta hii.

Saa 24 za kwanza

Hakuna samaki anayetoka, hakuna anayeingia. Zima maji yanayomwagika nje ya bwawa. Weka beseni la klorini la kukanyagia langoni, na mtu mmoja tu ndiye ahudumie bwawa hilo, akilimaliza mwisho baada ya mabwawa mengine, kamwe si mwanzo. Ongeza hewa: pampu ya pili, au mimina maji kwa ndoo kutoka juu kama umeme umekatika. Acha kulisha. Ondoa waliokufa kila saa, kwa sababu kunguru na mnandi watawasambaza.

Usikimbilie kubadilisha maji yote wala kumwaga dawa tano. Samaki aliyepoteza nusu ya matamvua huuawa na pamanganeti haraka kuliko kirusi. Taa ya mionzi ya chujio haina msaada hapa pia. Inaua kirusi kinachopita mbele yake, lakini samaki wanagusana bwawani na ngozi kwa ngozi inatosha.

Kuhusu kupandisha joto hadi nyuzi 30: kweli vifo hupungua, na wengine hufanya hivyo kuokoa samaki wa thamani. Fikiria mambo mawili kwanza. Maji ya nyuzi 30 hushika oksijeni kiasi cha miligramu 7.5 kwa lita usawa wa bahari, yale ya 24 hushika 8.4, na ukiwa mita 1,700 juu kama Nairobi, punguza karibu moja ya tano. Unampunguzia hewa samaki ambaye matamvua yameoza. La pili ni zito zaidi: watakaopona watabaki na kirusi, na kuanzia hapo bwawa lako ni gereza la maisha. Haingii samaki mpya, hatoki wa zamani. Ni ushauri wetu kwamba mwenye bwawa la biashara asijaribu. Mwenye samaki watatu wa nyumbani, ambaye hatauza wala kugawa, ana haki ya kuchagua.

Sampuli

Maabara inataka samaki anayekufa, siyo aliyekufa jana. Aliyeelea tangu usiku kwenye maji ya nyuzi 24 ameshaoza, na jibu lake haliaminiki. Piga simu kwanza kwa ofisa uvuvi wa wilaya au kaunti na daktari wa mifugo wa serikali. Ni ugonjwa ulio kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, na hao ndio wenye kujua maabara ipi ina PCR ya KHV kwa wakati huo na ipi itapeleka sampuli nje ya nchi. Uliza wanataka nini kabla hujakata chochote.

Kwa kawaida chagua samaki watano wenye dalili. Walaze kwa mafuta ya karafuu kwa kiwango cha kuua kilichoelezwa hapo chini. Kata kipande cha tamvua kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi, mahali penye mpaka wa nyekundu na nyeupe, pamoja na vipande vidogo vya figo na wengu. Kila samaki chupa yake. Tumbukiza kwenye ethanoli ya maabara ya asilimia 80 hadi 95, ujazo mara kumi ya nyama. Spiriti ya bluu ya kuwashia jiko siyo. Osha mkasi na uchome moto kati ya samaki na samaki, la sivyo mmoja mgonjwa ataonyesha wote watano wagonjwa. Andika kwa penseli, maana ethanoli hufuta wino: tarehe, aina, joto la maji, idadi ya waliokufa. Kama maabara iko karibu, samaki mzima aliyefungwa mfuko wake na kuwekwa kwenye barafu, akafika siku hiyohiyo, ni bora zaidi. Usimgandishe bila kuambiwa.

Kuua na kuzika

Majibu yakithibitisha, kundi lote la kapi na koi kwenye maji hayo huondolewa. Mafuta ya karafuu mililita 4 hadi 5 kwa lita 10, yakiwa yametikiswa vilevile na maji ya vuguvugu. Waache humo dakika 30 baada ya matamvua kuacha kutikisika. Kutolewa mapema ndiko kunakowafanya wengine kuzinduka wakiwa shimoni, na hilo ni ukatili. Samaki waliouawa kwa njia hii hawaliwi wala hawapewi mbwa au nguruwe.

Shimo liwe na kina kisichopungua mita 1 na nusu, mbali na kisima, mto na mahali maji ya mvua yanapopita. Tandaza samaki, nyunyizia chokaa isiyozimwa mpaka wafunikwe, kisha udongo wa angalau mita 1 ili mbwa wasifukue. Vaa glavu na miwani. Chokaa hii hula macho.

Kusafisha

Kirusi bila samaki hakidumu. Kwenye maji ya bwawa, yaliyojaa vijidudu vingine, huisha nguvu ndani ya siku chache. Kinachorudisha ugonjwa karibu kila mara ni samaki mmoja aliyesahaulika kwenye dimbwi la chini au kwenye bomba la chujio. Mtafute huyo kabla hujanunua klorini.

Vifaa: miligramu 200 za klorini kwa lita, kwa saa 1. Ukitumia jiki ya asilimia 3.5, hiyo ni mililita 115 kwa ndoo ya lita 20. Osha tope na ute kwanza kwa sabuni na usuuze, kwa sababu uchafu hula klorini yote kabla haijakifikia kirusi. Jiki iliyokaa juani dukani miezi imeshapoteza nguvu, nunua mpya. Vimia vya nyuzi laini huharibika, vitupe na ununue vingine.

Bwawa la saruji au la turubai: usilijaze ili kulisafisha, utatumia klorini ya kujenga nyumba. Mwaga maji ya zamani kwenye shamba, yasifike mtoni, sugua kuta, kisha weka maji ya kina cha sentimita 20 tu. Bwawa la mita 4 kwa 3 litakuwa na lita 2,400. Klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 ni gramu 300 kwa lita 1,000, hivyo gramu 720. Iyeyushe kwenye ndoo ya plastiki, maji kwanza, unga baadaye, nje penye upepo, na kamwe isikutane na asidi wala na jiki yenye dawa nyingine. Zipake kuta zote maji hayo kwa brashi ndefu mara tatu au nne ndani ya saa ya kwanza, pamoja na kingo, maporomoko na mabomba, kisha yaache maji usiku kucha.

Vipande vya kupimia bwawa la kuogelea vinaishia miligramu 10 kwa lita, kwa hiyo changanya kijiko 1 cha maji hayo na vijiko 49 vya maji safi yasiyo na klorini. Kipande kikisoma 4, una 200. Kikisoma 1 baada ya nusu saa, uchafu bado uko, ongeza dawa.

Kisha acha jua lifanye kazi, siku tano hadi saba, mpaka kipande kisome sifuri bila kuchanganya. Mwenye haraka atumie thiosulfeti ya sodiamu, gramu 7 kwa kila gramu 1 ya klorini. Kwa mfano wetu ni kilo 3.4. Sponji za chujio zitupe. Kokoto na seramiki zilowekwe pamoja na bwawa. Bakteria wazuri wote wamekufa, hivyo chujio linaanza upya na linahitaji wiki 4 hadi 6.

Bwawa la udongo: likaushe, tibu madimbwi yote yaliyobaki, mwaga chokaa isiyozimwa kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba wakati udongo bado una unyevu, na ulianike mpaka udongo upasuke nyufa za kupitisha kidole. Masika haitakuruhusu, ngoja kiangazi.

Kurudisha samaki

Anza na koi watatu wa bei ndogo kutoka chanzo unachokijua, waliopita karantini. Waache peke yao siku 30, joto likiwa kati ya 18 na 25. Hesabu haianzi mpaka kipimajoto kisome hivyo, hata kama unasubiri Juni ije. Ukiwa Pwani na maji hayashuki, watoe wote watatu baada ya mwezi, wakae siku nyingine 30 kwenye tangi la nyuzi 22 hadi 24 pamoja na shahidi mmoja ambaye hajawahi kuingia bwawani humo. Bwawa la udongo linalopakana na mfereji wenye kapi wa porini halitabaki safi kwa njia yoyote iliyoandikwa hapa. Humo weka perege.